Msikilizaji Aliyefika Wageni Wameshaketi

Ijumaa moja ya mwaka 2008, yapata saa kumi na moja jioni, umeme ulikatika katika jengo tulilopanga jijini Dar es Salaam, na betri za akiba zilizokuwa zikiibeba seva yetu zikaisha kabla fundi hajafanikiwa kuliwasha jenereta. Kukatika kwa umeme tulikuwa tumekuzoea. Seva iliwashwa upya baada ya kama robo tatu ya saa, nikazipitia huduma zote moja baada ya nyingine, zikaitika, nikaenda zangu nyumbani. Saa mbili usiku simu ikalia. Alikuwa mama wa hesabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi tangu jioni watu wameacha kulipa bili? Ukurasa wako unanionyesha sifuri kwa kila huduma, lakini hapa nina orodha ndefu iliyotoka benki."

Kampuni niliyoifanyia kazi wakati huo ilikuwa kiungo kati ya matawi ya benki na mashirika yanayotoza bili. Mteja alilipa dirishani, mfumo wa benki ukatuma kwetu ujumbe wa SOAP, yaani ujumbe wa XML ambao mifumo miwili huutumia kuzungumza, nasi tukaupeleka kwa mwenye bili na kurudisha jibu. Tulikuwa na huduma za wavuti 11, zote zikikaa juu ya GlassFish, seva inayoendesha programu za Java, toleo la 2, ambalo Sun Microsystems ilikuwa imelitoa Septemba 2007. Tuliichagua kwa sababu ilikuwa ya bure, ilifuata kikamilifu Java EE 5, kanuni za programu za Java za upande wa seva, na ukurasa wake wa usimamizi kwenye mlango namba 4848 ulimwezesha hata mtu mpya kuona kilichopandishwa, yaani kilichowekwa kwenye seva na kuanza kazi, na kilichoshushwa. Kazi yangu mimi ilikuwa ni kuhesabu: kila huduma imeitwa mara ngapi, imechukua muda gani, na imeshindwa mara ngapi. Mama wa hesabu alizitegemea takwimu hizo kila jioni, kwa kuwa kila muamala ulikuwa na ujira wake, na ujira huo ndio uliotulipa mishahara.

Ningeweza kuingiza mistari ya kuhesabu ndani ya kila huduma, lakini huduma zile zilikuwa mikononi mwa makundi matatu tofauti ya waandishi wa programu, na sikutaka kuwa mtu wa kubisha hodi kwenye msimbo wa wengine kila wiki. Wapo walioniambia nitumie alama ya @PostConstruct, ile inayoiagiza seva iite kitendo fulani mara kitu kinapoundwa. Hiyo ni njia nzuri, ila inamhusu mwenye nyumba peke yake: huduma inajua kwamba yenyewe imezaliwa, haijui lolote kuhusu jirani. Nilichohitaji mimi kilikuwa habari za mtaa mzima, na GlassFish ilikuwa nacho. Ndani yake kulikuwa na injini moja ya huduma za wavuti iliyoshika orodha ya vituo vyote vya huduma, yaani milango inayopokea miito, vilivyo hai katika seva. Ukiiendea injini hiyo kwa kitendo cha addLifecycleListener, unamsajili msikilizaji wako, yaani kipande cha msimbo kinachosubiri kuarifiwa, naye anakuwa na mambo mawili tu ya kutimiza: endpointAdded, anapoarifiwa kwamba kituo kimeongezwa, na endpointRemoved, anapoarifiwa kwamba kimeondolewa. Kila kituo kilipoongezwa, msikilizaji wangu alikiambatishia msikilizaji mwingine wa ujumbe, na huyo wa pili ndiye aliyeandika safu moja katika hifadhidata kila mwito ulipokamilika. Usajili wenyewe niliufanya katika programu ndogo ya wavuti, ndani ya contextInitialized, kitendo ambacho seva hukiita pale programu inapoanza. Msimbo wote haukuzidi kurasa mbili, na kwa miezi miwili ulifanya kazi bila mtu yeyote kuulalamikia.

Usiku ule nilirudi ofisini kwa teksi. Kaka yetu mkuu wa mifumo alikuwa bado yupo, kwa sababu siku za kukatika umeme yeye hakuwa na desturi ya kuondoka mapema. Nilimwonyesha logi ya seva, ile kumbukumbu ya matukio yake. Mstari wa programu yangu ulikuwepo, ukisema kwamba msikilizaji amesajiliwa, na hapakuwa na kosa lolote mbele yake wala nyuma yake. Baada ya mstari huo hakuna kituo hata kimoja kilichotangazwa. Nilikuwa tayari nimeanza kuilaumu injini.

"Umewahi kusimama mlangoni kwenye harusi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimewahi, tena zaidi ya mara moja. Unasimama penye mlango wa ukumbi, unapokea kadi, unatazama kama ni singo au dabo, unaipiga alama kwa kalamu, mgeni anaingia.

"Sasa chukulia umefika saa nne usiku. Wageni wameshaketi, maharusi wako jukwaani, chakula kinaanza kugawiwa. Utasimama hapo mlangoni na kalamu yako mpaka asubuhi, na hutapiga alama kadi hata moja. Ukumbini hamna watu?"

Akasogeza logi juu, akaweka kidole kwenye kioo. Mistari ya programu nyingine zote ilikuwa juu ya mstari wangu. Seva ilipowaka, ilizipandisha programu kwa utaratibu wake yenyewe, kwa kuwa sisi hatukuipa utaratibu wowote, na yangu ikawa ya mwisho. Vituo 11 vilikuwa vimetangazwa vyote, lakini vilitangazwa wakati msikilizaji wangu bado hajazaliwa. Miezi miwili iliyotangulia mambo yalikwenda sawa kwa sababu siku tulipohama kutoka seva ya zamani, niliitanguliza programu yangu kwenye seva tupu ili niijaribu, kisha huduma zikaletwa moja moja, na tangu siku hiyo seva ilikuwa haijazimwa.

Maelezo ya vitendo vile vya injini yalieleza vizuri kitakachotokea baada ya kujisajili. Kuhusu vituo vilivyotangulia hayakumwambia msomaji chochote, nami sikuwa nimejiuliza. Jambo hili bado naliona la muhimu mno kwa yeyote anayesajili msikilizaji mahali popote, iwe ni kwenye seva au kwenye programu ya simu: usajili hauna kumbukumbu ya jana. Kwa bahati injini ile ilikuwa pia na kitendo cha getEndpoints kinachorudisha vituo vilivyopo, kwa hiyo dawa ilikuwa karibu, yaani kujisajili na kisha kuingia ukumbini kuhesabu waliokwisha kuketi.

Hata hapo kaka alinizuia nisifanye haraka. Nilikuwa nimeandika msimbo unaosoma orodha kwanza na kujisajili baadaye, kwa kuwa ndivyo ilivyokuja akilini. Alikichukua kipanya, akabadilisha mpangilio wa mistari miwili ile. Ukisoma orodha kwanza, kituo kinachopandishwa katika nafasi ile ndogo kati ya kusoma na kujisajili kitapotea. Hakimo kwenye orodha, na wala hutatangaziwa. Ukijisajili kwanza, kinachoweza kutokea ni kukipata kituo kimoja mara mbili, mara moja kwa tangazo na mara ya pili kwa orodha, na hilo linatibika. Tuliviweka vituo katika ConcurrentHashMap, jedwali la Java ambalo kila kitu hukaa chini ya ufunguo wake, ufunguo ukiwa ni anwani ya kituo, na tukatumia putIfAbsent, ili anayefika wa pili akute nafasi imeshachukuliwa. Saa sita kasoro usiku niliipandisha programu upya. Mistari 11 ilishuka kwenye logi, na dakika chache baadaye safu za kwanza zikaanza kuingia kwenye jedwali, kwani baadhi ya benki zilikuwa zikituma malipo hata usiku. Niliondoka nikiamini kwamba kazi imekwisha.

Jumamosi nilirudi kurekebisha mambo madogo ya ukurasa wa takwimu, nikaipandisha programu yangu tena mara mbili, saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jumatatu mama wa hesabu hakupiga simu. Alikuja mwenyewe mpaka mezani kwangu, akiwa na daftari lake la mistari lenye jalada jeusi, akalifungua palipokuwa na safu mbili alizoziandika kwa kalamu ya bluu. Hesabu zangu za Jumamosi mpaka saa nne zililingana na za benki. Kuanzia saa nne mpaka saa nane zilikuwa mara mbili, na kuanzia saa nane zilikuwa mara tatu kamili. Alikuwa amezigawa mwenyewe kabla ya kuja.

"Mara tatu kamili, mwanangu. Hii si bahati mbaya. Kuna kitu kinajirudia."

Nilifungua jedwali, nikakuta kila mwito una safu tatu zinazofanana mpaka namba ya muamala, zimeandikwa karibu kwa wakati mmoja. Ndipo nilipokumbuka jambo nililolipuuza wiki iliyotangulia. Siku mbili kabla ya umeme kukatika nilikuwa nimebadilisha kipimo cha muda kutoka sekunde kuwa milisekunde, nikaipandisha programu, na safu zikaendelea kuingia kwa sekunde kana kwamba sijagusa kitu. Nilidhani nimekosea faili, nikaahirisha. Sasa nilielewa, na nilielewa kwa uchungu kidogo. Seva ilipoishusha programu yangu ya zamani, iliita contextDestroyed, na mimi ndani ya kitendo hicho sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Msikilizaji wa zamani alibaki amesajiliwa kwenye injini, na wasikilizaji wake wa ujumbe wakabaki wameambatishwa kwenye vituo, wakifanya kazi kwa klasi, yaani vipande vya msimbo, za programu ambayo kwenye ukurasa wa usimamizi ilionekana imeshaondoka. Wakati ule msikilizaji mpya hakusikia kitu kwa sababu ya kosa la kwanza, kwa hiyo yule wa zamani alikuwa akihesabu peke yake, na kwa sekunde zake. Kosa moja lilikuwa limelifunika jingine hata hesabu zikatoka sahihi. Usiku wa Ijumaa nililitibu la kwanza, na Jumamosi la pili likajitokeza.

Siku hiyo nilifungua jconsole, chombo cha kuichunguza Java ikiwa kazini, na kutazama idadi ya klasi zilizopakiwa. Kila nilipoipandisha programu upya, idadi ilipanda na haikurudi chini, hata nilipoiagiza Java ifanye usafi wa kumbukumbu. Injini iliishi muda wote wa uhai wa seva. Injini ilimshika msikilizaji, msikilizaji alikishika kipakiaji cha klasi cha programu yake, na kipakiaji kilizishika klasi zote zilizokuwa ndani. Java ya wakati ule iliweka klasi katika eneo lililoitwa PermGen, ambalo liliondolewa tu Java 8 ilipotoka mwaka 2014, na sisi tulikuwa tumeliachia megabaiti 192. Laiti ningeendelea kupandisha na kupandisha, seva nzima ingeanguka mchana wa kazi pamoja na huduma zote 11, na hakuna ambaye angekishuku kijiprogramu cha kuhesabu.

Kaka alipendekeza njia nyingine: tuiondoe kazi ya usajili kwenye programu ya wavuti na kuifanya moduli ya uhai wa seva yenyewe, kwa amri ya usimamizi ya GlassFish, asadmin create-lifecycle-module. Moduli ya aina hiyo huarifiwa hatua za seva, kuanzia INIT, STARTUP na READY mpaka SHUTDOWN na TERMINATION, kwa hiyo ingeweza kusimama mlangoni kabla mgeni wa kwanza hajashuka garini. Niliifikiria kwa siku nzima. Mwishoni niliikataa, na mpaka leo naona nilifanya sawa, kwa sababu kila badiliko dogo katika moduli lingetulazimu kuizima na kuiwasha seva, na seva ile ilipokea fedha za watu. Nilipendelea msikilizaji anayeweza kuchelewa bila kupoteza kitu, na anayeweza kuondoka bila kuacha kitu.

Katika contextDestroyed niliandika kwanza mstari wa removeLifecycleListener, ili asitangaziwe kituo kipya wakati anafungasha, kisha mzunguko unaopita kwenye kila kituo alichokishika na kumwondoa msikilizaji wa ujumbe kimoja baada ya kingine. Kila alipoondolewa, logi iliandika anwani ya kituo.

Jumanne usiku, baada ya benki kufunga mahesabu yao, tulijaribu. Tuliipandisha programu mara tano mfululizo. Idadi ya klasi ilipanda na kushuka, ikatulia palepale. Tuliizima seva kwa utaratibu, tukaona mistari 11 ya kuondolewa. Halafu kaka akauchomoa waya wa umeme ukutani, kama jenereta lilivyotufanyia siku ile. Safari hii contextDestroyed haikuitwa, na haikuhitaji kuitwa, kwani injini na wote waliosajiliwa kwake walikufa pamoja. Seva ilipowaka, programu yangu ilikuwa tena ya mwisho, na mistari 11 ikashuka.

Jumatano jioni mama wa hesabu alivuta kiti mezani kwangu, akafungua daftari. Alisoma hesabu ya benki huduma kwa huduma, nami nikamsomea ya kwangu, na kila zilipolingana alitia alama ndogo ya bluu pembeni. Alipofika ya kumi na moja alitia alama, akafunga daftari, akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi.