Mzigo na Furushi

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye Wagalatia 6. Mstari wa 2 Paulo anatuambia, "Mchukuliane mizigo." Ukifika mstari wa 5, "kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe." Sasa tubebane, ama kila mtu na lake? Kwa miaka mingi niliona mistari hii inagombana.

Walionifafanulia ni watu wa Budalang'i. Mto Nzoia ukivunja kingo, watu huhamia palipoinuka. Katika msafara ule majini, hata mtoto wa darasa la pili ana furushi lake kichwani: sare, madaftari, labda sufuria ndogo. Hapokewi na mtu. Lakini nyanya asiyeweza kutembea yuko mgongoni mwa kijana ambaye pengine hata si mjukuu wake, na magunia yanapakiwa mashuani bila kuulizwa ni ya nani. Furushi unalimudu. Mzigo umekushinda. Hata katika Kigiriki, Paulo alitumia maneno mawili tofauti hapo, na waliotutafsiria Biblia hawakuyachanganya. Mungu awabariki.

Furushi langu nalijua: kusali, kulisoma Neno, kuomba msamaha nyumbani ninapokosea (hili la mwisho lina uzito wake). Mara nyingi nimejaribu kumtwika mchungaji.

Na mizigo ya wenzangu? Mwezi uliopita mama mmoja wa ushirika wetu hapa Kisumu alilaziwa mtoto hospitalini. Kwenye kikundi cha WhatsApp nikaandika, "Tuko pamoja katika maombi," nikaweka na ile mikono miwili iliyokunjwa. Basi. Kina mama wengine walikuwa wamegawana zamu za kupeleka uji, na mimi kutoka kwangu hadi wodini ni matatu moja tu.

Jumapili tukakutana sokoni Kibuye, amekuja mbio kununua ndizi. Akanishika mkono akanishukuru kwa maombi. Wapendwa, hata hayo maombi sikuwa nimeyaomba. Mzigo wake sikuugusa, na furushi langu nililiacha njiani.

Nilimwambia ukweli pale pale, katikati ya wauza nyanya. Alicheka kidogo, kisha akaniuliza kama najua kupika uji wa wimbi usio na madonge.

Zamu yangu ni Alhamisi.