Nilishuka Feldberg, kumbe kazi yangu iko Altglashütten

Jumamosi usiku, huku Ujerumani, mzee mmoja nisiyemjua alisimamisha gari kwenye theluji, akapakia mabegi yangu mawili, akanifikisha hadi mlangoni kwa mwajiri wangu mpya na kukataa katakata fedha ya mafuta. Teksi niliyoipigia simu ingenitoza kodi ya chumba cha mwezi mzima kule nyumbani.

Barua ya kazi iliandikwa 79868 Feldberg tu, yaani namba ya posta na jina. Mimi ni mtu wa Lushoto, na nikiambiwa Lushoto nashuka stendi, mji ninauona. Kwa hiyo nilipanda treni Freiburg, nikabadilisha Titisee, na nilipoona bango la Feldberg-Bärental nikashuka. Kituo kiko mita 967 juu ya usawa wa bahari, na Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, haina kingine kilicho juu zaidi kwenye reli zake za upana wa kawaida. Lushoto iko karibu mita 1,400 na migomba inazaa. Hapa nilikuta giza, miti ya misonobari na baridi ya kukata masikio.

Njiani mzee alinieleza, polepole ili nimwelewe, kwamba Feldberg ni mlima wa mita 1,493, mrefu kuliko yote ya Msitu Mweusi, na jina lake limepewa pia halmashauri ndogo ya watu wapatao 2,000, ambayo kwetu haifikii hata kata. Wakazi wametawanyika vijijini: Bärental, yaani bonde la dubu, Falkau, kisha Altglashütten na Neuglashütten, majina yaliyobaki tangu enzi za mafundi wa kioo, ambao msitu uliwapa kuni za tanuri na majivu ya kuchanganya kwenye kioo chenyewe. Ofisi ya halmashauri haiko mlimani bali Altglashütten, na huko ndiko nilikotakiwa kwenda, kituo kimoja tu mbele.

Ninyi mnaosubiri viza, msikubali barua yenye jina la halmashauri peke yake, kwa kuwa namba ya posta ni moja kwa vijiji vyote hivyo. Ulizeni Ortsteil, yaani kijiji chenyewe, pamoja na jina la kituo cha treni, kabla hamjakata tiketi. Mwajiri wangu hakuona haja ya kuniandikia hayo, na jambo hilo bado linaniuma.

Leo asubuhi mke wa yule mzee amekuja kuniletea glavu za sufu.