Jimbo la Merthyr Tydfil na mbunge aliyekatwa jina

Mwaka 2024 nilipiga kura ya ubunge hapa Wales, haki ambayo sisi Watanzania tunayo tukiwa wakazi halali kwa sababu nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola. Mipaka ilikuwa imechorwa upya, na mji wa Merthyr Tydfil ukaunganishwa na jirani yake Aberdare, kama ulivyokuwa tangu 1832 hadi miji hiyo ilipotenganishwa mwaka 1918.

Mbunge wa kwanza, John Josiah Guest, alikuwa mwenye tanuri za chuma za Dowlais, wakati ambapo wengi wa wafanyakazi wake hawakuwa na kura. Sheria ya 1867 iliwapa kura wafanyakazi wengi wa mijini, na mwaka uliofuata wakamchagua Henry Richard, mpinzani wa vita. Mwaka 1900 wakampeleka bungeni Keir Hardie, aliyeanza kazi mgodini akiwa mtoto.

Lakini mbunge ninayemheshimu kuliko wote ni S. O. Davies, mchimba makaa aliyechaguliwa mwaka 1934. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la taka za mgodi liliporomokea shule katika kijiji cha Aberfan, ndani ya jimbo lake, likaua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Serikali ikachukua pauni 150,000 kutoka katika fedha za rambirambi ili kulipia uondoaji wa malundo yaliyobaki juu ya kijiji, jambo ambalo Davies alilipinga waziwazi, na mimi naliona kuwa ni dhuluma kwa wafiwa.

Mwaka 1970 chama chake cha Labour kilimkata jina kwa kuwa amezeeka. Akasimama kama mgombea binafsi, jambo ambalo sheria ya kwetu hairuhusu, na wananchi wakampa ushindi wa zaidi ya kura 7,000 dhidi ya mgombea wa chama kilichokuwa kimelishika jimbo hilo kwa miongo mingi.

Alifariki mwaka 1972. Mwaka 1983 jimbo likafutwa, mji ukaunganishwa na Rhymney, na zile pauni 150,000 zikarudishwa mwaka 1997, bila riba.