Dawa ya bei ndogo, karatasi nyingi

Nasimamia famasi ya hospitali ndogo ya dini, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Watu wakisikia "dawa zenye udhibiti" mawazo yanakimbilia heroini. Kwangu mimi ni mofini na pethidini za kutuliza maumivu makali, diazepamu na fenobabitoni za kutuliza degedege, zile zinazokaa kwenye kabati la DDA, yaani kabati la dawa hatari: milango miwili, funguo mbili, kila ufunguo na mtu wake. Zamu ikibadilika, anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja, ampuli moja moja. Daftari lake lina kurasa zenye namba, halichanwi wala halifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika upya, unasaini na shahidi anasaini. Daktari akiandika pethidini miligramu 50 na ampuli ni ya 100, ile nusu inamwagwa mbele ya shahidi na kuandikwa kwamba imemwagwa. Ampuli tupu zinarudi kwangu.

Utaratibu huo nautetea kwa moyo wote. Dawa hizi zikitoka kiholela zinaharibu watu, na anayezishika lazima ajulikane kwa jina na mahali alipo. Ninachotaka kukisemea ni ada tunazotozwa ili kuziweka dawa hizi.

Wiki iliyopita bibi mmoja kutoka Bahi alikuja na mjukuu wake mwenye kifafa. Baada ya shikamoo na marahaba akafungua kitambaa, ndani kuna pakiti tupu ya fenobabitoni. "Mwanangu," akaniambia, "huko madukani kote nimepita, wanasema hawaiweki." Hawakumdanganya. Fenobabitoni imetibu kifafa tangu 1912, na ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa za ugonjwa huo. Ubaya ni kwamba imo kwenye Jedwali la Nne la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo ina daftari, ina ukaguzi, ina vibali. Mwenye duka anapiga hesabu: faida ya kopo zima la vidonge hailipi hata muda wa kujaza karatasi, sembuse ada. Anaamua kuuza dawa za kikohozi. Na dawa hii haiachwi ghafla. Mtoto akiikosa siku chache, degedege linaweza kuja mfululizo bila kukatika, na hilo linaua.

Hapo ndipo ninapoiona ada kwa jicho tofauti na mhasibu. Jina langu linahuishwa Baraza la Famasi kila mwaka, jengo lina kibali chake, na kila kitu kina kumbukumbu namba yake ya malipo. Mwisho wa yote anayelipa ni yule bibi, kwa nauli ya kuja mjini.

Serikali yetu imeshaonyesha kwamba inaweza kusikia. Mpango wa 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara ulikiri wazi kwamba taasisi nyingi zinatoza kwa jambo lile lile, na mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango, na TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Kwa nini tuishie hapo?

Nimesoma namna Marekani wanavyofanya. Kule anayeshika dawa hizi husajiliwa na DEA, idara ya serikali ya kudhibiti dawa za kulevya, na sheria inataka ada zilipe gharama zote za kuzuia dawa zisichepuke. Kuanzia 1 Oktoba 2020 ada ya daktari, famasi au hospitali ilipanda kutoka dola 731 hadi 888 kwa miaka mitatu. Msambazaji alifika dola 1,850 kwa mwaka, mtengenezaji 3,699. Sikubaliani nao kuiweka famasi ya kijijini kapu moja na hospitali kubwa. Lakini kabla ya kupandisha walichapisha hesabu na kuwapa watu nafasi ya kutoa maoni, na watumishi wa hospitali za serikali wamesamehewa. Hayo mawili nayatamani hapa: hesabu iwekwe mezani, na anayehudumia umma asitozwe kama mfanyabiashara.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 wa dawa za kulevya, mama wa udhibiti wote huu, unasema mwanzoni kabisa kwamba dawa za aina ya mofini ni za lazima katika kutuliza maumivu na kwamba zipatikane za kutosha. Wakaguzi wanapokuja wanauliza kama kuna kidonge kilichopotea. Natamani waulize pia ni wagonjwa wangapi wamerudi mikono mitupu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Mwenye famasi wa Bahi au Chemba anayetaka kuweka fenobabitoni, kibali cha kuiweka apewe bure. Akaguliwe, vidonge vihesabiwe, daftari lipekuliwe ukurasa kwa ukurasa, na akiuza bila cheti cha daktari afungiwe. Pengo la mapato lijazwe na waagizaji wakubwa, kwa kiwango kinacholingana na mzigo wanaoingiza.