Mji uliozaliwa na ugomvi wa ndugu

Kila ninaposhuka Barabara ya Sokoine, hapa Dar es Salaam, kuelekea Kivukoni, hupunguza mwendo mbele ya Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe lililojengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Unguja. Wiki iliyopita niliweka kiganja juu ya mlango wake wa nakshi, nikawaza jinsi watoto wa baba mmoja walivyoua watu kwa ajili ya kiti.

Baba yao, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifariki baharini Oktoba 1856, akitoka Muscat kuja Unguja. Mwanawe Thuwaini alikuwa ameshikilia Oman, Majid ameshikilia Unguja, na kwa kuwa hapakuwa na kanuni kwamba mkubwa ndiye arithi, mwenye watu na mali aliweza kudai. Mwana mwingine, Barghash, aliyekuwa chomboni na marehemu, alimzika baba yake usiku na kujaribu kuitwaa ngome ya mji, lakini hakufanikiwa. Mwaka 1859 Thuwaini alituma merikebu zije kumpiga Majid, nazo zikarudishwa njiani na Waingereza.

Mwaka huohuo Barghash aliasi, akiungwa mkono na Waharthi, ukoo wa Waarabu wa Oman, na hapo ndipo moyo wangu hukwama kwa dada yao Salme. Wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa mkono huo, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, aliandika barua za uasi dhidi ya Majid, kaka ambaye Salme aliishi nyumbani kwake utotoni na akamfundisha kutumia silaha. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, Salme na dada yake Khole waliingia na kumtoa akiwa amejifunika nguo za kike, akapita katikati ya walinzi hadi kwenye shamba la Marseille, ambako wafuasi wake walikuwa wamejiimarisha. Majid alilishambulia shamba hilo akisaidiwa na mabaharia wa Kiingereza. Barghash alijisalimisha, akapelekwa Bombay.

Simlaumu Majid kwa kushinda. Namlaumu kwa kushinda kwa bunduki za wageni, kwani mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, ndiye aliyeigawa miliki ya Said sehemu mbili na kuamuru Unguja iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Mirathi ya Waarabu wa Oman na ardhi ya Waswahili iliamuliwa na mtu asiyekuwa ndugu wa yeyote kati yao.

Baada ya hapo Majid alivuka bahari na kuanza kujenga mji huu kando ya kijiji cha Mzizima, kwa jasho la watumwa ambao majina yao hayakuandikwa popote. Alifariki mwaka 1870 kabla haujakamilika. Barghash alikalia kiti alichokitaka kwa karibu miaka 18, akauacha mji wa nduguye uote majani. Salme, aliyekwisha kukimbilia Ujerumani, alirudi Unguja mwaka 1885 kudai haki yake, na Barghash, kaka ambaye Salme aliandika zile barua kwa ajili yake, alikataa kumwona.

Kasri la Majid halipo tena. Nyumba ya wageni wake ndiyo ninayoigusa.