Mafaili yapo, orodha haiji

Juzi niliitwa Kirumba, Mwanza, karibu na Mwaloni, kwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla. Programu yake ya FTP, ile njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta na seva, inaingia kwenye seva ya Unix vizuri, nenosiri linakubaliwa, halafu orodha ya mafaili haiji. Inazunguka weee, mpaka inakata.

"Mwanangu, yamefutwa?"

"Hapana, mama, yapo."

FTP ina njia mbili. Amri hupita mlango (port, yaani namba ya kuingilia kwenye seva) wa 21, lakini orodha, kama faili lolote, huja kwa muunganisho mwingine kabisa. Nikafungua logi, kumbukumbu ya mazungumzo ya programu na seva. Seva ilikuwa imejibu 227, yaani "njoo uchukue hapa", na namba hizi: 192,168,1,10,195,80. Nne za mwanzo ni anwani. Mbili za mwisho ni mlango: 195 mara 256, jumlisha 80, unapata 50000. Sasa 192.168 ni anwani ya ndani, ya mtandao wa hukohuko iliko seva tu! Seva iko Dar, sisi tuko ziwani huku, tutaifikiaje?

Nikaweka programu ipuuze anwani hiyo, itumie ileile tuliyoingilia. Orodha ikamwagika. Msimamizi wa seva nimemwandikia aiweke seva itangaze anwani ya nje, inayofikika kwenye intaneti. Kazi hiyo ni yake, si yangu.

Malipo: elfu kumi na dagaa kilo mbili. Begi la laptopu linanuka hadi leo.