Tulivyopata zege la ufukweni kwa saruji kidogo na udongo wa Pugu

Nilipoanza shahada ya uzamili Dar es Salaam, profesa wangu hakunipeleka maabara. Alinipeleka Kunduchi, kwenye nyumba ya ufukweni ambayo hata haijazeeka. Pembe za nguzo za baraza zilikuwa zimebanduka na nondo ziko nje, nyekundu kwa kutu. "Zege hili ukilipima nguvu litafaulu," alisema. "Kinachoiua nyumba hii si nguvu."

Kinachoiua ni chumvi. Zege lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kloridi ya maji ya bahari hupenya humo taratibu hadi kuifikia nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma chenyewe. Zege haliwezi kuvumilia kusukumwa kutoka ndani, basi linapasuka. Wapo wanaoyataja magofu ya pale pale Kunduchi, yale ya matumbawe na chokaa, kuwa ushahidi kwamba wazee walijenga vizuri kuliko sisi. Walijenga vizuri kweli, ila mle hamna nondo. Sisi tunataka ghorofa, kwa hiyo hatuna budi kuiziba njia ya chumvi.

Profesa alikuwa na deni la pili, la hewa ya ukaa. Saruji hutokana na klinka, na klinka hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo hadi nyuzi joto 1450 hivi. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti zikiungua hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, hata kama tanuri linawashwa kwa jua tupu, maana hewa hiyo imo ndani ya jiwe lenyewe. Ndiyo maana kubadilisha mafuta ya tanuri pekee hakutoshi. Inabidi klinka yenyewe ipungue. Njia tuliyoifuata ni ile inayoitwa LC3, yaani saruji ya chokaa na udongo uliochomwa, iliyoendelezwa na kundi la Karen Scrivener wa EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, pamoja na wenzao wa Kuba na India: klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, unga wa mawe ya chokaa 15, jasi 5. Udongo wenyewe huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu.

Udongo tulikuwa nao jirani. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mfinyanzi mweupe, lakini umechanganyika na mchanga. Tuliukoroga kwenye mapipa ya maji, tukaacha mchanga utuame, tukayakinga yale maji meupe na kuyaacha yatulie hadi pakabaki tope zito. Tope tukalianika juani kwenye maturubai. Kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyonila muda mwingi kuliko zote.

Kuchoma ndiko kulikohitaji akili. Tanuri la maabara ni dogo, lijazwe mara ngapi upate udongo wa kumwagia mhimili? Tuliazima tanuri la umeme la kuchomea vyungu, lakini kipimajoto chake sikukiamini. Nikategemea mizani. Kaolini safi iliyokaushwa vizuri hupoteza karibu asilimia 14 ya uzito wake inapochomwa, kwa kuwa maji yaliyofungwa ndani ya madini yake hutoka. Basi kila nilipofungua tanuri nilichota unga kidogo kutoka katikati ya trei, pale moto unapochelewa kufika, nikaupima, nikauchoma tena kwenye tanuri dogo la maabara, nikaupima upya. Ukiwa bado unapungua uzito, ndani ni mbichi. Usipopungua, umeiva. Nilijifunza kutandaza tabaka jembamba, na kutoruhusu moto upande kupita kiasi, kwa sababu udongo ulioungua mno hugeuka madini mengine na hauna tena hamu ya kuungana na chokaa.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni mfuko wa saruji. Saruji nyingi za daraja la nguvu la 32.5 madukani tayari zimechanganywa kiwandani na pozolana (unga wa mawe ya volkano au mfano wake) au unga wa chokaa. Ukiongezea udongo juu yake, klinka inayobaki ni ya kuombea dua. Tulitafuta mfuko ulioandikwa CEM I 42.5, yaani saruji ambayo karibu yote ni klinka, tukaanzia hapo.

Siku ya kumwaga, fundi mkuu alitazama mchanganyiko ukizunguka kwenye mikisa akatikisa kichwa.

"Injinia, hili zege kavu. Ongeza maji ndoo moja."

"Mzee, tukiongeza maji tumeyafungua yale yale matundu tunayoyaziba. Ngoja niweke dawa."

Udongo uliochomwa hunywa maji sana, hilo halifichiki. Nilimimina plastisaiza, dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji, kidogo kidogo, na baada ya dakika chache zege likaanza kuteleza kwenye karai lenyewe. Mzee alilipiga koleo, akaguna, akaendelea na kazi. Baada ya hapo nilifunika kila kitu kwa magunia mabichi na nailoni juu yake, nikamwagilia maji baridi ya bomba zaidi ya wiki nzima. Kwa mtazamo wangu hatua hii ndiyo inayobeba nusu ya matokeo, na ndiyo inayorukwa kwanza kwenye saiti zetu.

Vipande vya majaribio vya zege hilo tulivifunga kamba tukavining'iniza kwenye nguzo za gati dogo, usawa wa maji kupwa na kujaa, maana hapo ndipo chumvi hukolea: maji yanalowesha, jua linakausha, chumvi inabaki. Pembeni tuliweka vya saruji ya kawaida. Kaskazi ikapita, kusi ikapita.

Tulipovirudisha maabara tulivipasua katikati na kunyunyizia nitrati ya fedha. Palipofikiwa na kloridi hugeuka peupe, kwingine hugeuka kahawia. Kwenye kipande cha saruji ya kawaida weupe uliingia ndani sana, ukafika karibu na mahali ambapo nondo ingelala. Kwenye cha udongo wa Pugu ulikuwa ukanda mwembamba kama pindo la kanzu, kisha kahawia tupu hadi katikati. Profesa alichukua rula, akapima mwenyewe, akapima tena.

Kisha akaniagiza ninyunyizie fenolftalini, dawa ya kupimia hewa ya ukaa imeingia zege kiasi gani, vipande vilivyokaa kwenye kibanda pasipo mvua. Hapo hatukushangilia. Zege lenye uhai hugeuka waridi, lililoingiliwa na hewa ya ukaa halibadiliki rangi, na kwenye mchanganyiko wetu tabaka lisilobadilika lilikuwa nene kuliko la saruji ya kawaida. Klinka ikipungua, chokaa ya kupambana na hewa hiyo nayo hupungua, na hewa hiyo ikiifikia nondo, zege haliilindi tena na kutu. Kwa hiyo mtu akiniuliza, namwambia mchanganyiko huu uende kwenye misingi, magati na kuta zinazogusa bahari. Mhimili mwembamba wa ndani usiopata mvua, wenye kava ndogo, yaani tabaka jembamba la zege linalofunika nondo, bado sitaupendekeza. Sasa tunamwaga vipande vyenye kava ya milimita 30, 40 na 50 ili tujue ni ipi inatosha, na yule mzee ameshauliza kama safari hii atalipwa kwa siku au kwa kazi.